Tenga Moja, Chupa Mbili

Agosti, Ilula. Nyanya zimeiva siku moja
kama watoto waliopeana neno.
Dalali akaja, kalamu sikioni:
"Elfu nne tenga. Na tenga lenyewe nirudishiwe."
Kihwele, mume wangu, akacheka
kicheko cha mtu anayehesabu deni la mbolea.

Mwaka jana tulizimwaga korongoni.
Mbuzi wa jirani walikula mpaka wakasusa,
na harufu ikakaa mlangoni wiki mbili,
haikubisha hodi, haikuaga.

Mwaka huu nikasema nitazianika.
"Nyanya nazo huanikwa?" akauliza wifi yangu, Sekalinga.
"Nyanya si ulezi, mwanamke wewe. Nyanya ni maji."
Basi, nikamwambia, nitaanika maji.

Mara ya kwanza nilikata vipande vinono,
mkono wa kukatia wageni,
nikavitandaza juu ya bati, nikaenda bombani.
Nzi walipata habari kabla ya jua.
Kuku mwekundu akapita juu yake
akikagua, kama bwana shamba.
Jioni sikuviingiza ndani.
Umande wa huku hauombi ruhusa:
siku ya tatu vimeota manyoya ya kijivu,
nikawa nimefuga panya.
Sekalinga hakusema kitu.
Alikohoa tu.

Nikanoa kisu kwenye jiwe la mlangoni.
Sasa vyembamba, unene wa sarafu,
hata ukikiinua kipande
unauona mlima kupitia kwake, mwekundu.
Chumvi kiasi cha kuonjesha.
Mbao za matenga mabovu nikazipigilia fremu,
wavu chini, wavu juu,
miguu minne ndani ya makopo ya maji,
siafu wabaki na hamu yao.
Na upepo upite chini pia.
Hilo hakuna aliyeniambia;
niliona shati la kambani linavyolitangulia
lile lililolazwa kwenye nyasi.

Asubuhi natoa, jioni naingiza,
kama mwenye mgonjwa wa kuoteshwa jua.
Geuza.
Geuza tena.
Kesho yake kingo zikajikunja.
Keshokutwa zikawa ndimi za paka.
Siku ya nne, au ya tano,
maana moja ililiwa na mawingu,
nikakunja kipande kikalia: ka!

Chupa nilizifunga zikiwa na joto bado.
Usiku kioo kikatoka jasho,
nikajua nimeyafungia ndani
maji yale yale niliyokuwa nayafukuza.
Nikamwaga, nikaanika upya,
nikangoja zipoe
nimeikalia mikono yangu.

Tenga zima, chupa mbili.
Kihwele alizitikisa sikioni
kama mtu anayenunua redio.
"Nyingine ziko wapi?"
Nikamwonyesha upande wa Kitonga,
ukungu umekaa juu ya miti.
"Maji yamekwenda kule.
Nyanya ndiyo hiyo."
Akaiweka chupa mezani taratibu,
kwa mikono miwili.

Februari, mvua haina adabu.
Nyanya nne elfu moja pale barabarani,
na zote nne zina makovu.
Sekalinga alikuja kuazima chumvi,
akasimama kizingitini ananusa.
Chungu cha maharage kilikuwa kinachemka
na gao moja la Agosti ndani yake.
Akavuta kigoda.
Hakuuliza, sikueleza.
Nikampakulia, akafuta sahani kwa tonge la mwisho la ugali,
akaondoka, chumvi kaisahau.

Juzi karudi. Safari hii ameazima kisu.
Nasikia anakata kabichi, na mvua yote hii,
kabichi tatu nzima,
vipande vinono.
Nitapita kesho.
Nitakohoa kwanza.